Kati ya Mlinzi na Mgeni: Maisha ya Wenyeji kutoka Mwadui hadi Chato

Ukanda wa madini unaoanzia Mwadui, kaskazini-mashariki mwa mji wa Shinyanga, ukapitia Kahama na Kakola, ukaingia Geita na kuishia Chato kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, umezoeleka kuelezwa kwa wakia, karati na mabilioni ya shilingi, ilhali msafiri anayeupita kwa basi na bodaboda, akishuka kila penye kituo, hukutana kwanza na jambo ambalo takwimu hizo hazilitaji, nalo ni wingi wa walinzi. Wapo walinzi wa kampuni binafsi kwenye malango ya migodi, wapo polisi wanaozunguka na magari kandokando ya uzio, wapo mgambo wa vijiji, wapo askari wa hifadhi ziwani, na wapo sungusungu wanaokesha usiku wakilinda mifugo. Pamoja nao wapo wageni wa kila namna, kuanzia wahandisi wanaoshuka kwa ndege na viongozi wanaokuja kwa misafara, hadi wachimbaji waliosikia kwamba dhahabu imetoka mahali fulani na watu wanaokwenda kuzuru kaburi la rais. Kati ya makundi hayo mawili wanaishi wenyeji, wakulima wa mpunga, pamba na mihogo na wafugaji wa ng'ombe, na hoja ya makala haya ni kwamba katika ukanda huu mwenyeji ndiye anayetakiwa kujieleza mara nyingi kuliko mgeni mwenye uwezo, tena akiwa juu ya ardhi alikozika wazazi wake.

Hali ya namna hii haipatikani katika ukanda huu peke yake. Katika bonde la Kashmir, linalogombewa na India na Pakistan tangu mwaka 1947, kila kiangazi mahujaji wa Kihindu hupanda milimani kwenda pango la Amarnath wakisindikizwa na maelfu ya askari wenye silaha, na mwaka 2019, baada ya shambulio la Pulwama la mwezi Februari, barabara kuu ya bonde hilo ilifungwa kwa muda kwa magari ya raia siku mbili kila wiki ili misafara ya askari ipite salama, ikawa mkazi anayempeleka mgonjwa hospitalini hana budi kuomba kibali cha kutumia barabara ya kwao. Shinyanga na Geita hazina vita, hazina mgogoro wa mipaka ya nchi, na ingekuwa kosa kubwa kuzilinganisha na Kashmir kana kwamba mateso yao ni mamoja. Lakini utaratibu ule wa mlinzi kuja kwa ajili ya kitu chenye thamani, na mwenyeji kugeuka mtu wa kutiliwa shaka karibu na kitu hicho, unaonekana hapa kwa sura yake yenyewe, na una historia ndefu.

Historia hiyo inaanzia Mwadui. Mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mwaka 1940 bomba la kimberlaiti la mahali hapo, yaani mwamba uliopanda kutoka chini sana ardhini ukiwa umebeba almasi, na bomba hilo lenye eneo la hekta 146 juu ya uso wa ardhi ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa, jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, ambalo baada ya kukatwa lilibaki karati 23.6 na kutengenezewa bruchi ya malkia. Ndani ya uzio ulijengwa mji kamili wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege, na baada ya Williamson kufariki mwaka 1958 mgodi uliingia mikononi mwa De Beers na serikali, kisha mwaka 2009 sehemu kubwa ya hisa ikachukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds. Nje ya uzio, kwenye barabara kuu ya Shinyanga hadi Mwanza, ulikua mji wa Maganzo, ambao maisha yake yote yameegemea ukuta ambao wakazi wake wengi hawajawahi kuuvuka kwa njia halali.

Wanaouvuka usiku kwenda kutafuta mchanga wenye almasi huitwa wabeshi, na yaliyowapata baadhi yao yamekwisha kuingia katika kumbukumbu za wazi, kwa kuwa mwezi Mei 2021 Petra Diamonds ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 katika suluhu ya madai ya watu 71 yaliyofikishwa katika mahakama ya London, yakihusu vifo, majeraha na kushikiliwa kwa watu katika shughuli za ulinzi wa mgodi huo, ingawa kampuni haikukubali kwamba inawajibika kisheria. Ni vigumu kuipita Maganzo bila kuliwaza jambo hilo, kwa sababu wengi wa wanaoitwa wabeshi hawakutoka mbali, nao huingia kutafuta jiwe dogo kabisa katika ardhi ambayo bibi zao walichuma mlenda. Uzio huo, kwa upande mwingine, umejengwa kuzuia watu kuingia, haukujengwa kuzuia kitu kutoka. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipobomoka, tope lilimwagika hadi kwenye mashamba na makazi ya majirani, na hapakuwa na mlinzi wala lango la kulisimamisha.

Wasomaji wasiolifahamu eneo hili wanaweza kudhani kwamba wenyeji hawakuwa na desturi ya ulinzi mpaka kampuni zilipokuja, na dhana hiyo haina msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera kuacha silaha nyingi mikononi mwa watu na wizi wa ng'ombe kukithiri, wanavijiji wa mpakani mwa Kahama na Shinyanga walianzisha sungusungu, yaani jeshi la jadi la kijiji lenye viongozi waliochaguliwa, pinde, mishale na filimbi za kuitana, ambalo adhabu yake iliyoogopwa kuliko faini ilikuwa kutengwa, mtu asisalimiwe, asiuziwe chumvi wala kusaidiwa kuzika. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliunga mkono harakati hizo, na mwaka 1989 sheria ikazitambua. Haifai kuzipamba, kwa kuwa sungusungu walihusishwa pia na kuwatesa vikongwe waliotuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe. Hata hivyo mlinzi wa sungusungu alifahamika kwa jina na ukoo, aliishi miongoni mwa watu aliowalinda, na aliyekosewa naye alijua pa kumshtaki. Mlinzi wa lango la mgodi mara nyingi hutoka mkoa mwingine, hubadilishwa kituo, na mkataba wake unamfunga kwa mwenye mali peke yake.

Kutoka Shinyanga barabara inapita Tinde na Isaka, penye bandari ya nchi kavu inayopokea mizigo ya Rwanda na Burundi, na kufika Kahama, mji wa mchele na dhahabu uliokua haraka kiasi cha kupewa hadhi ya manispaa. Pembeni mwa mji huo kuna Buzwagi, mgodi wa wazi uliofunguliwa mwaka 2009 na kumaliza uzalishaji wake mwaka 2021, na ambao eneo lake sasa limepangwa kuwa la viwanda, huku uwanja wake wa ndege ukihudumia abiria wa kawaida. Buzwagi inastahili kutajwa kwa sababu inaonyesha kwamba umri wa mgodi mzima unaweza kuwa mfupi kuliko umri wa mwembe uliopandwa nyuma ya nyumba: mtoto aliyezaliwa mwaka ulipofunguliwa alikuwa bado shule ya msingi ulipofungwa.

Kakola, kilomita zipatazo 80 kaskazini mwa Kahama, ina jeraha la zamani zaidi. Hapo ndipo ulipo mgodi wa chini kwa chini wa Bulyanhulu, na kabla ya mgodi huo palikuwa na maelfu ya wachimbaji wadogo waliokuwa wamejenga vibanda, maduka na nyumba za ibada. Mwezi Agosti 1996 waliondolewa kwa amri ya serikali ili kuipisha kampuni iliyopewa leseni, na tangu wakati huo yapo madai kwamba baadhi yao walifukiwa wakiwa hai ndani ya mashimo. Serikali na kampuni zimeyakanusha, chombo cha malalamiko cha Benki ya Dunia kiliyachunguza na mwaka 2002 kikasema hakikupata ushahidi wa kuyathibitisha, na wanasheria wa shirika la mazingira la LEAT waliodai uchunguzi huru walifunguliwa mashtaka ya uchochezi. Uzalishaji ulianza mwaka 2001. Kinachobaki, mbali ya mabishano hayo, ni kwamba Kakola ni mji ulioanzishwa mara mbili, mara ya kwanza na wachimbaji na mara ya pili na uzio, na wazee wake huhesabu miaka kwa kusema kabla au baada ya kuhamishwa.

Ulinzi wenyewe una ngazi kadhaa, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu lawama hupotea katikati yake. Ngazi ya kwanza ni walinzi walioajiriwa na mgodi au na kampuni ya ulinzi, ambao hulinda malango, minara na maghala. Ngazi ya pili ni polisi, wakiwemo wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, ambao ni watumishi wa serikali lakini kwa makubaliano na baadhi ya migodi hupewa na kampuni mafuta, posho au malazi. Ngazi ya tatu ni mgambo na kamati za ulinzi za vijiji. Tangu mwaka 2000 zipo Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu, makubaliano ya kimataifa yanayozitaka kampuni za madini kuwafunza walinzi wao na kuchunguza matumizi ya nguvu, na kampuni kubwa za ukanda huu husema zinazifuata. Lakini mwanakijiji aliyepigwa akienda kuchukua kuni haulizi kanuni, huuliza ni nani aliyempiga, na jibu analopata ni kwamba mgodi unasema aliyempiga ni polisi, polisi wanasema alikuwa mvamizi, na ofisi ya kijiji inasema suala hilo liko juu ya uwezo wake. Katika pengo hilo ndipo haki ya mtu mdogo inapopotelea, na kuliziba kungekuwa na faida kubwa kuliko madarasa mengi yaliyopakwa rangi za kampuni.

Uchumi wa Kakola nao huyumba kwa maamuzi yanayofanyika mbali. Mwezi Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wa madini uliochenjuliwa nusu ukiwa bado na dhahabu, shaba na fedha ndani yake, na baada ya ripoti za kamati za Profesa Abdulkarim Mruma na Profesa Nehemiah Osoro nchi nzima ilizungumza juu ya wizi na uzalendo. Mwezi Septemba mwaka huohuo Bulyanhulu ilipunguza shughuli zake, na mgogoro wa serikali na wenye mgodi haukuisha mpaka ilipoundwa kampuni ya ubia ya Twiga, ambayo serikali ina hisa asilimia 16. Dar es Salaam mjadala ulikuwa wa mabilioni, lakini Kakola ulikuwa wa vyumba vya kupanga vilivyobaki wazi, mama lishe waliopunguza sufuria jikoni, na waendesha bodaboda waliorudi kulima. Mtu anaweza kuunga mkono kwa moyo wote haki ya taifa kunufaika na madini yake, kama inavyostahili kuungwa mkono, na bado akaona kwamba waliobeba gharama ya kwanza hawakuitwa kwenye meza yoyote.

Geita, iliyokuwa wilaya ya Mwanza mpaka ilipokuwa mkoa mwaka 2012, ilijulikana kwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, na kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1966 ilikuwa na mgodi mkubwa ambao baadaye ulifungwa. Mgodi wa sasa, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, ulifunguliwa mwaka 2000 na umepewa leseni kubwa yenye eneo la takriban kilomita za mraba 196, eneo ambalo kwa sehemu fulani limeingia mpaka kwenye mitaa ya mji wenyewe. Mipaka ya leseni huonyeshwa kwa vigingi vya zege, na wananchi wanaoishi ndani ya vigingi wamekuwa kwa miaka mingi katika hali ya ajabu, kwa kuwa hawajahamishwa wala kulipwa fidia, lakini pia hawako huru kujenga, kupima viwanja wala kukopa benki kwa dhamana ya ardhi yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaupa mkutano wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji, ilhali Sheria ya Madini inasema kilicho chini ya ardhi hiyo ni mali ya Jamhuri. Mwananchi wa Nyamalembo au Katoma anajikuta anamiliki udongo mpaka jembe linapofika, na kuanzia hapo chini mwenyewe ni mwingine.

Maisha ya kila siku katika mitaa iliyo jirani na mgodi yamejipanga kufuatana na saa za mgodi. Ukutani mwa nyumba za matofali zipo nyufa ambazo wenye nyumba wanasema zimetokana na milipuko ya baruti inayopasua mwamba, na ambazo wataalamu wa mgodi wamekuwa wakizieleza kwa udhaifu wa msingi na udongo. Njia ya zamani ya kwenda kisimani hukutana na uzio na kupinda, na baada ya miaka michache njia iliyopinda huonekana ndiyo njia, ikapandwa minyaa pembeni na kupewa jina. Watoto waliozaliwa baada ya uzio hawajui kwamba bibi zao walikuwa wakikata moja kwa moja.

Jambo linaloonyesha vizuri zaidi uhusiano wa pande hizi ni magwangala, jina ambalo watu wa Geita hulitumia kwa mawe ya kifusi yanayotolewa mgodini kwa kuwa dhahabu yake ni kidogo mno kwa mitambo mikubwa. Kwa mtu mwenye nyundo na subira dhahabu hiyo kidogo inatosha. Mwanamke anayefanya kazi hiyo hukaa chini, mguu mmoja ameunyoosha na mwingine ameukunja, akaweka mbele yake jiwe pana la kupondea, akalizungushia jiwe dogo kipande cha mpira wa tairi ili vipande visimrukie machoni, kisha akagonga taratibu, akikagua kila mpasuko kama una mng'ao au rangi ya kutu inayoashiria mwamba wenye dhahabu. Vipande vyenye dalili huingia kwenye kiroba, visivyo na dalili husukumwa kando, na hadi jioni rundo la visivyo na dalili huwa limempita kimo akiwa ameketi. Madai ya kuruhusiwa kuchukua magwangala yamekuwa hoja ya siasa za Geita kwa muda mrefu, na ukweli kwamba watu hugombea taka za jirani yao wanaweza kuudharau wale tu wasiojua bei ya unga. Anayeingia bila ruhusa kwenye malundo hayo huitwa mvamizi, ingawa anachokiendea ni kile ambacho mwenye mgodi amekwisha kukitupa.

Nje ya uzio kuna ulimwengu mwingine wa dhahabu, wa Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu na Nyakafuru, ambao wageni wake ni wachimbaji wadogo. Dhahabu inapoonekana mahali papya hutokea rashi, yaani mmiminiko wa watu wanaofika kwa maelfu ndani ya siku chache, wakajenga vibanda vya maturubai, na nyuma yao wakaja wauza maji, vinyozi, wahubiri, waganga wa kienyeji na wauza simu. Shimo la mchimbaji mdogo huitwa duara, hata kama lina pembe nne, na hushikiliwa kwa magogo yanayoitwa matimba. Jiwe lenye dhahabu huitwa mbale, nalo husagwa kwenye karasha na kupelekwa mwaloni, mahali pa kuchenjulia. Mwaloni unga wa mawe humwagwa na maji juu ya ubao ulioinama na kutandikwa gunia, dhahabu nzito ikanasa kwenye nyuzi na tope jepesi likateremka. Gunia husuuzwa ndani ya karai, zebaki ikamiminwa, na mchenjuaji akaikanda kwa mikono mitupu mpaka imeshikana na dhahabu, kisha akaikamua kwenye kitambaa na kuichoma juu ya makaa, mvuke wake ukienda moja kwa moja kwenye pua za waliomzunguka, mara nyingi wakiwemo watoto. Tanzania iliridhia mwaka 2020 mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, na vituo vya mfano vya Lwamgasa na Katente vilijengwa ili kufundisha njia salama zaidi, lakini zebaki ni rahisi kupatikana na haihitaji mtaji, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Katika maduara mlinzi haonekani sana, ila hatari iko wazi. Mwaka 2015 wachimbaji watano wa Nyangarata, Kahama, waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na mwezi Januari 2017 wengine 15 walitolewa katika mgodi wa Nyarugusu baada ya siku kadhaa za kufukiwa. Nchi ilishangilia matukio hayo mawili kwa haki, lakini vijiji vya ukanda huu vimezika watu wengi ambao hawakuokolewa. Mapato ya wachimbaji wadogo yamepata njia ya wazi zaidi tangu mwaka 2019, serikali ilipowaondolea baadhi ya kodi na kuanzisha masoko ya madini, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, ambako dhahabu hupimwa mbele ya muuzaji na bei hutangazwa. Hayo ni mageuzi ya kweli, na mwenye kuyabeza hakuwahi kuuza dhahabu gizani kwa mnunuzi mwenye mizani yake mwenyewe.

Swali la nani hasa ni mwenyeji halina jibu jepesi. Wazinza, Wasumbwa na Walongo, hao wa mwisho wakiwa wahunzi mashuhuri, walikuwa Geita kabla ya Wasukuma, ambao wengi walihamia kuanzia miaka ya 1940 na 1950 wakitafuta malisho baada ya mapori ya mbung'o kufyekwa. Kwa maana hiyo ukanda wote umejengwa na wahamiaji waliopokewa, na ndiyo sababu Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ambayo vyombo vya dola viliitumia kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, iliacha uchungu: miongoni mwa waliovushwa mpaka kuelekea Rwanda na Burundi walikuwemo watu walioishi Tanzania kwa miongo kadhaa, wenye mashamba, wake, waume na makaburi upande huu. Mgeni mwenye mtaji hupewa kibali na kusindikizwa. Mgeni maskini huombwa karatasi, na jirani yake anayefanana naye kwa lafudhi huombwa pia.

Wageni wa heshima huja kwa ratiba. Tangu mwaka 2018 Geita huandaa kila mwaka maonesho ya teknolojia ya madini, na kwa siku hizo nyumba za kulala wageni hujaa na bei ya samaki hupanda. Katoro, mji wa biashara usiolala ulio njiani kuelekea Chato, hunufaika na kila anayepita: nguo za mitumba, matobolwa (viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa), sato wa kukaanga, vipuri vya karasha na viatu vya mpira huuzwa kandokando mpaka usiku wa manane.

Chato imepata wageni wa aina ya pekee. Rais John Pombe Magufuli, aliyezaliwa hapo mwaka 1959, alizikwa nyumbani kwake tarehe 26 Machi 2021, na tangu hapo watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kwenda kuzuru kaburi lake, wengine kwa mabasi ya kukodi ya kwaya na vikundi vya akina mama, wakiomba, wakilia, au wakisimama kimya. Kaburi la kiongozi wa nchi haliwezi kukosa ulinzi, na askari wa mahali hapo wamezoea kuwaelekeza watu pa kusimama. Kwa waendesha bodaboda, wauza chai na wenye nyumba za wageni wa Chato, ziara hizo zimekuwa riziki, na kwa mara ya kwanza katika safari hii mlinzi na mwenyeji wanaonekana wakimpokea mgeni kwa pamoja.

Lakini ufuko wa Chato unatazama majini, na majini sheria ni nyingine. Kisiwa cha Rubondo, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, kiliwahi kuwa na wakazi walioondolewa ili kupisha wanyama, na kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya waliletwa na kuachiwa huko. Watoto na wajukuu wao ndio ambao watalii huvuka kwa boti kwenda kuwatazama leo. Mvuvi wa mialo ya jirani, yaani fukwe za kupokelea samaki, haruhusiwi kutupa nyavu katika maji yanayokizunguka kisiwa, na mpaka huo wa majini hauna uzio wala kigingi, ila boti za doria. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu, nyavu nyingi zilichomwa moto kwenye fukwe za ziwa hili, nyingine za watu wasio na kingine cha kuwalisha watoto. Uvuvi haramu ulikuwa ukimaliza samaki kweli, na ziwa lilihitaji ulinzi. Walichokosa wavuvi wengi ni mtu wa kukaa nao kwenye mwalo kabla ya moto kuwashwa, akawaeleza tundu la wavu linalokubalika, mahali pa kuupata, na namna ya kulipa bei yake.

Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, linalounganisha Misungwi na Sengerema na kuondoa foleni za kivuko kati ya Mwanza na Geita. Mgonjwa wa Geita sasa anafika hospitali ya Bugando, Mwanza, bila kungojea kivuko, na hilo peke yake linatosha kulihalalisha. Daraja hilohilo litaongeza wageni wa kila aina, na baada yao walinzi, kwa hiyo vijiji vya Sengerema, Nyang'hwale na Geita ambavyo havijapimiwa ardhi yao vina sababu ya kuharakisha hati za kimila na mipango ya matumizi ya ardhi sasa, wakati kigingi cha kwanza bado hakijachomekwa.